Zana za pamoja zikigoma kwenye miradi ya kampuni: anza na dalili, fuata hadi chanzo

Hii ni kwa madevelopa wa kampuni ndogo za programu huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, zile ambazo nusu ya timu ipo Mbeya mjini, mmoja yuko Iringa, mwingine anafanyia kazi nyumbani Njombe, na kampuni inaendesha miradi minne mitano kwa wakati mmoja. Mfumo wa SACCOS, mfumo wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa kule Mbozi, mfumo wa ada za shule, mfumo wa kupokea parachichi Rungwe. Ukiangalia ndani yote ina vitu vile vile, kusafisha namba za simu, kupanga tarehe, kutuma meseji, kupokea malipo ya simu, skripti ya kupandisha kwenye seva, sheria za mpangilio wa kodi (code ya programu, sio ushuru). Basi watu wanafanya jambo la busara, wanavitoa hivyo vitu na kuviweka sehemu moja ili kila mradi uvitumie, na hizo ndo naziita zana za pamoja. Hapo ndo na matatizo yanapoanza kufanana, kila wiki mtu anauliza swali ambalo mwenzie aliuliza wiki iliyopita.

Nimeyapanga kwa dalili, sababu inayotokea sana inatangulia. Ila kabla hujashuka huko chini fanya mambo mawili. Soma erori yote kuanzia juu, sio mstari wa mwisho tu, maana mara nyingi chanzo kiko juu kabisa na huku chini ni matokeo. Alafu andika namba za matoleo kabla hujauliza kwenye grupu: `git --version` (git ni programu inayotunza historia ya kodi), `node -v` au `php -v`, na toleo la zana yenyewe. Swali la "jamani imegoma" bila namba linaweza kuzungushwa asubuhi nzima wakati jibu lipo kwenye namba.

Kwangu inafanya kazi, kwa mwenzangu inagoma

Hii ndo inaongoza, na mara nyingi wala sio bagi, ni matoleo tofauti. Kwenye package.json, faili linalotaja pakeji (vipande vya kodi vya kutumia tena) ambazo npm italetea mradi, imeandikwa `^1.4.0` na mtu anadhani ni 1.4.0 kamili, kumbe hiyo alama inaruhusu toleo lolote kuanzia 1.4.0 mpaka kabla ya 2.0.0, kwahiyo wewe uliyeweka Januari una 1.4.0 na kijana wa fildi aliyeanza jana ana 1.9.2, na nyote mnaapa mnatumia kitu kimoja. Angalia kwanza kama faili la kufunga matoleo limekomitiwa (limeingizwa kwenye historia ya git), package-lock.json au composer.lock, kuna repo nyingi (folda za mradi zenye historia ya git) mtu aliliweka kwenye .gitignore, orodha ya vitu ambavyo git isivihifadhi, kwasababu lilikuwa linaleta mgongano kwenye kumeji. Litoe huko leo. Alafu kwenye seva na kwenye mashine ya kujengea tumieni `npm ci` badala ya `npm install`, hiyo inafuata faili la kufunga kama lilivyo na inakataa kabisa kama halilingani na package.json, na huko kukataa ndo tunakokutaka. Kwa watu wa PHP, `composer install` inafuata lock, `composer update` inaibadilisha, usiipige update kwenye seva hata siku moja.

Kama matoleo yanalingana, angalia toleo la Node au PHP yenyewe. Wekeni .nvmrc, faili linalotaja toleo la Node, kwenye kila mradi.

Bado? Angalia herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili. Windows na Mac kwa kawaida hazijali, ukiandika `Simu.js` na faili linaitwa `simu.js` itafungua tu, ukipandisha kwenye seva ya Linux inakwambia faili halipo. Ukitaka kubadilisha jina tumia `git mv`, usibadilishe kwa mkono kwenye Windows maana git inaweza isione mabadiliko.

Ya mwisho hapa inasumbua kimya kimya, nayo ni saa. Seva nyingi zinakaa kwenye UTC (saa ya kimataifa), sisi Tanzania tuko masaa matatu mbele na hatubadilishi saa mwaka mzima. Muamala uliofanyika saa nane usiku kwa saa zetu, kwenye seva bado ni saa tano usiku ya jana yake. Kwahiyo zana ya pamoja ya tarehe ikitumia saa ya mashine bila kutaja eneo, kwenye laptopu yako ya Mbeya ripoti iko sawa, kwenye seva miamala yote ya kati ya saa sita na saa tisa usiku inahamia siku ya nyuma, na mhasibu wa SACCOS anapiga simu hesabu ya kufunga mwezi haikai. Hifadhi kwa UTC, onyesha kwa `Africa/Dar_es_Salaam`, na hilo liandikwe ndani ya zana lenyewe, sio kila mradi ujipangie.

Simama hapa kama ripoti zenye tarehe mbovu zimeshatoka kwa mteja au zimeshatumika kugawa gawio. Usirekebishe rekodi kwenye database kimya kimya. Mwite anayesimamia database pamoja na mhasibu wa mteja, kwanza mkubaliane nini kimeharibika.

Folda ya zana ipo lakini ndani tupu

Hii ni ya wanaotumia submodule za git, yaani repo iliyowekwa ndani ya repo nyingine. Karibu kila mara ni kwamba mtu alikloni (alinakili repo kutoka kwenye seva) bila kuvuta submodule, maana git haizileti yenyewe. Piga `git submodule update --init --recursive` uone kama imejaa. Ukikloni upya, `git clone --recurse-submodules`, na ili baadaye pull na checkout ziziguse submodule zenyewe weka `git config --global submodule.recurse true`, ila hiyo haigusi clone.

Ikikataa kwa kudai ruhusa, basi anwani ya submodule imeandikwa kwa ssh na mashine yako haina ufunguo, fungua faili la .gitmodules uone. Ikisema komiti haipatikani, kosa haliko kwako. Kuna mwenzako amebadilisha zana, akakomiti ndani ya mradi mkubwa, akaupushi mradi (akaupeleka kwenye seva) na kusahau kuipushi zana yenyewe, mradi sasa unaelekeza kwenye komiti ambayo ipo kwenye laptopu yake tu. Mtafute apushi. Na kwa ajili ya kesho kila mtu aweke `git config push.recurseSubmodules check`, git itamzuia kupushi mradi kabla ya zana.

Kuna hali moja ya kuangalia sana. Ukiingia kwenye folda ya submodule na kuanza kuandika kodi moja kwa moja, kawaida unakuwa hujasimama kwenye brenchi (tawi la kazi) yoyote, unakomiti vizuri tu, kesho mtu anakwambia "hebu vuta mpya", unavuta na kazi yako inaonekana imepotea. Haijapotea. Usifute folda, usikloni upya, ingia mle ndani upige `git reflog`, komiti yako itakuwemo, ipe brenchi kwa `git branch kuokoa` ikifuatiwa na ile namba. Ukishafuta folda nzima pamoja na kilicho chini ya .git/modules ndo imekwenda.

Maoni yangu, timu ya watu wanne wenye miradi mitano watapumua zaidi wakitumia pakeji yenye namba kuliko submodule. Submodule inamtaka kila mtu aijue git vizuri, na vijana wetu wanaotoka chuo mara nyingi wanaijua add, commit na push.

Skripti ya pamoja inagoma hata kuanza

"Permission denied": faili halina ruhusa ya kuendeshwa, hasa kama liliandikwa kwenye Windows. Piga `git update-index --chmod=+x` na jina la skripti, kisha komiti, hapo umemtatulia kila mtu. Usipige `chmod -R 777` na usianze kuweka sudo mbele ya kila kitu, sudo leo inaleta ugomvi wa umiliki wa mafaili kesho.

"bad interpreter" na mwishoni unaona `^M`: miisho ya mistari ni ya Windows. Weka `.gitattributes` kwenye repo ya zana yenye mstari `*.sh text eol=lf`, alafu piga `git add --renormalize .` na ukomiti. Kuwaambia watu wabadilishe setingi ya edita mmoja mmoja hakusaidii, atakuja mpya.

"dubious ownership": ilianza na Git 2.35.2 ya Aprili 2022, kwa sababu za usalama git inakataa repo ambayo mwenyewe ni yuza mwingine. Inatokea ukikloni kwa sudo au repo ikiwa kwenye diski ya nje. Rekebisha umiliki, au ruhusu folda hiyo moja tu kwenye `safe.directory`. Usiweke ile nyota ya kuruhusu kila kitu.

"exec format error" kwenye konteina (boksi la programu na vyote inavyohitaji): imeji, yaani kiolezo cha konteina, imejengwa kwenye Mac mpya yenye chipu ya ARM na seva yenu ina chipu ya kawaida ya Intel au AMD. Jenga kwa `docker buildx build --platform linux/amd64`.

Pakeji ya kampuni haipatikani, 401, 403 au 404

Hizi ni namba ambazo seva inajibu ikikukatalia, na ile 404 inawapoteza wengi. Mtu anaona "haipo" anaenda kuangalia kama jina amelikosea, kumbe stoo nyingi za pakeji binafsi zikiona huna ruhusa zinakujibu kama vile kitu hakipo, ili mgeni asijue hata kipo. Kwahiyo kwa pakeji za ndani ichukulie 404 kama "sikutambui" kwanza.

Angalia tokeni (neno la siri la kuingilia) imeisha muda au la, `npm whoami` na anwani ya stoo yenu itakwambia haraka. Alafu angalia .npmrc (mipangilio ya npm) ya mradi ina mstari wa kuelekeza jina la kampuni kwenye stoo yenu, kitu kama `@kampuni:registry=` na anwani, bila huo inaenda kutafuta kwenye stoo ya dunia nzima. Kama bado unajaribu kuingia GitHub kwenye terminali kwa pasiwedi ya akaunti, hiyo ilifungwa tarehe 13 Agosti 2021, tumia tokeni au ufunguo wa ssh.

Kama erori inataja cheti cha usalama, angalia saa ya kompyuta kabla ya chochote. Kompyuta za mezani za zamani, betri ile ndogo ya duara kwenye ubao ikishakufa, umeme ukikatika saa inarudi miaka nyuma na kila cheti kinaonekana bado hakijaanza kutumika. Rekebisha saa, nunua CR2032 mpya, imeisha. Usikubali mtu akwambie uzime ukaguzi wa vyeti, ile `strict-ssl false` ikishaingia kwenye faili la pamoja inabaki miaka na hakuna anayeikumbuka.

Kuna na hatari ya majina. Februari 2021 mtafiti wa usalama Alex Birsan alionyesha kwamba ukijua jina la pakeji ya ndani ya kampuni, unaweza kuweka yenye jina hilo hilo kwenye stoo ya umma ikiwa na namba kubwa zaidi, na mashine za kampuni zikaichukua ya kwako. Aliingia hivyo kwenye makampuni makubwa sana ya Marekani, kwa ruhusa zao za kupima usalama. Kampuni ya watu wanne Soweto ya Mbeya haina kinga tofauti. Pakeji za ndani zote ziwe na jina la kampuni mbele, na jina hilo mlisajili kwenye stoo ya umma hata kama hamtaweka kitu. Ukiona kwenye faili la kufunga pakeji yenu ya ndani inavutwa kutoka anwani ya umma, simama, usiendeshe `install` tena popote, mwite anayehusika na usalama na mzichukulie zile mashine kama zimeguswa.

Kuvuta ni taratibu, au inafika asilimia tisini inakata

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom chini ya bahari zilipata hitilafu na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia sana, intaneti ikawa ya kubahatisha kwa siku kadhaa. Waliokuwa na nakala ya pakeji ofisini waliendelea na kazi. Ambao kila kitu wanakivuta kutoka nje walikaa.

Siku za kawaida lakini sababu kubwa sio waya, ni sisi wenyewe kuvuta kitu kile kile mara ishirini kwa bando. Laptopu tano zinavuta pakeji zile zile, na mashine ya kujengea inaanza upya kila mara. Weka kompyuta moja ofisini, hata ya zamani, iwe kache (stoo ya karibu ya vilivyokwisha kuvutwa): Verdaccio kwa pakeji za npm, na kwa konteina ile imeji ya registry ya Docker yenyewe inaweza kukaa katikati na kuhifadhi kinachovutwa. Mtu wa pili kuomba anapewa kutoka ndani. Kama mnatumia Docker Hub bila kujisajili mkaona "toomanyrequests", tangu Novemba 2020 kuna kikomo na wasiojisajili wanahesabiwa kwa anwani ya IP, ofisi nzima mnaonekana kama mtu mmoja. Jisajilini, mhesabiwe kwa akaunti.

Ukikloni repo kubwa na mtandao unakata, git haiendelei ilipoishia, inaanza sifuri. Kwahiyo vuta kwa vipande: `git clone --depth 1` kwanza, ambayo ni nyepesi, alafu `git fetch --deepen=200` mara kadhaa, mwisho `git fetch --unshallow`. Ikikata katikati unapoteza kipande kimoja tu. Ukihitaji na brenchi nyingine kabla ya fetch piga `git remote set-branches origin '*'`. Alafu jiulizeni kwanini repo ni kubwa, mara nyingi kuna mtu alikomiti faili la zip au nakala ya database, na hata akilifuta leo linabaki kwenye historia.

Kama mwenzenu yuko Mafinga au Makambako na mtandao umekataa kabisa, kuna `git bundle create zana.bundle --all`. Inatengeneza faili moja lenye repo nzima na historia yake, unaweka kwenye flashi, unaituma kwa basi, yeye anapiga `git clone zana.bundle` na kesho mtandao ukirudi anabadilisha anwani ya remote na kuendelea kama kawaida. Faili ulifunge kwa nenosiri kabla halijatoka ofisini, flashi inapita kwenye mikono mingi mpaka imfikie.

Umeme umekatika, sasa git inalalamika

Msimu wa mvua hii inakuja kila wiki. Ikisema kuna `index.lock`, hakikisha hakuna git nyingine inaendelea, funga edita, alafu futa faili hilo `.git/index.lock`. Imeisha.

Ikisema "object file is empty" umeme umekatika katikati ya kuandika. Kabla ya amri yoyote nakili folda nzima pembeni, pamoja na .git. Kisha `git fsck --full` ikuonyeshe ukubwa wa tatizo. Njia isiyo na maumivu ni kukloni upya kutoka kwenye seva na kuleta mafaili uliyokuwa unayafanyia kazi kutoka kwenye ile nakala, unapoteza historia ya komiti ambazo hukuzipushi lakini kodi yako unayo.

Kama iliyoharibika ni repo kwenye seva yenyewe ya zana, au diski inatoa mlio wa kugongagonga, acha. Zima mashine. Usiendeshe programu za kuokoa mafaili ulizopakua, kila dakika diski inayozunguka inaweza kujikwangua zaidi. Ipeleke kwa mtaalamu wa kuokoa data, na kama mashine imezima baada ya radi mwite fundi umeme aangalie na nyaya za ardhi kabla hujaunganisha nyingine pale pale.

Linta imewaka mistari elfu mbili ambayo hujaigusa

Linta ni programu inayokagua mpangilio wa kodi, na fomata ndo inayoupanga. Fomata mbili zinagombana, au ekstenshoni ya edita ina toleo lake tofauti na la mradi. Iambie edita itumie ya mradi. Kama sheria zimebadilika kweli, fanya komiti moja ya mpangilio tu, bila kodi nyingine, na namba yake uiweke kwenye `.git-blame-ignore-revs` ili jina lako lisionekane kwenye kila mstari. Usichanganye na kazi ya kawaida, anayekagua hataona kitu.

Zana imeapdetiwa, miradi mitatu imeanguka kwa pamoja

Sasa hii ndo yenye uzito. Hapa kila kitu kiko sawa kwenye mashine, mtandao mzuri, ruhusa zipo, ila jana mtu alibadilisha kitu kidogo kwenye maktaba ya pamoja na leo wateja watatu wanapiga simu.

Mfano halisi kabisa wa aina ya mabadiliko hayo, kazi ya kusafisha namba za simu. Mtu anaandika 0754 na kuendelea, zana inarudisha 255754 na kuendelea. Developa wa mradi wa meseji anaona mtoa huduma wake anataka alama ya kujumlisha mbele, anaongeza `+` kwenye zana, anajaribu kwenye mradi wake, inakubali, anapushi. Mradi wa malipo ulikuwa unapeleka tarakimu 12 tupu, sasa kila ombi linakataliwa. Mradi wa ada za shule ulikuwa unatafuta mzazi kwa namba iliyohifadhiwa bila alama, sasa kila mzazi anaonekana mpya na anafunguliwa akaunti ya pili. Hamna aliyekosea kuandika kodi. Kilichokosekana ni mtu wa kusema hii kazi ni ahadi kwa miradi mitatu.

Zima moto kwanza. Rudisha kila mradi kwenye namba ya toleo lililokuwa zima, pandisha, wateja waendelee. Usijaribu kurekebisha zana huku mteja anasubiri.

Kama huwezi kurudi kwasababu mradi haukuwa umefungwa kwenye namba, ulikuwa unafuata `main` au `latest`, basi hiyo ndo sababu namba moja na ndo inayotokea sana kuliko zote. Mradi ulio hewani unatakiwa kushika namba kamili au tagi (jina la toleo kwenye git), mabadiliko ya zana yauingie siku mwenye mradi ameamua, kwa komiti inayoonekana.

Sababu ya pili, namba ilikuwepo lakini imedanganya, mabadiliko yanayovunja yametoka kama 1.8.1 badala ya 2.0.0. Namba ya katikati ni ya kuongeza kitu bila kuvunja, ya mwisho ni ya kurekebisha bagi, ya kwanza ndo ya kuvunja. Kubadilisha muundo wa kinachorudishwa ni kuvunja hata kama ni herufi moja. Kwenye mfano wetu njia safi ilikuwa kuongeza kazi mpya yenye jina lake ya kurudisha na alama, ile ya zamani ibaki ilivyo.

Ya tatu, mtu alihamisha tagi. Kakuta kosa kwenye 1.8.0 iliyokwisha toka, kalirekebisha, kaisogeza tagi ile ile. Waliokwisha kuivuta git haiwabadilishii, kwahiyo sasa kuna 1.8.0 mbili tofauti duniani na mtatafuta tofauti yake mpaka jioni. Toleo likishatoka limetoka, toa 1.8.1. Na usifute. Machi 2016 mtu mmoja aliziondoa pakeji zake npm, mojawapo left-pad ya mistari 11 tu, na miradi mingi ikagoma kujengwa, hata Babel, zana maarufu ya JavaScript, ilikuwa inaitegemea, mpaka npm wakabadilisha masharti ya kuondoa pakeji.

Kama hujui ni komiti ipi imevunja, ingia kwenye repo ya zana utumie `git bisect`, mpe toleo zima na toleo bovu, mwambie aendeshe jaribio dogo lililotoka kwenye mradi ulioanguka. Yeye anagawa katikati mpaka anakuonyesha komiti yenyewe.

Baada ya hapo ndo tengenezeni kinga: majaribio ya miradi yote inayotumia zana yaendeshwe kabla toleo halijatoka, hata kama ni jaribio moja kwa kila mradi. Na zana iwe na mtu wake mwenye jina. Zana isiyo na mwenyewe ni kama jembe la ukoo, wote wanalimia na hakuna anayelinoa.

Simama na uite watu kama zana iliyoharibika inagusa malipo na tayari kuna miamala imeingia mara mbili au imeenda kwa mtu mwingine. Hapo usirudishe hela kwa skripti. Zima mlango wa malipo, toa orodha, kaa na mteja na mtoa huduma wa malipo.

Zana ipo, nzuri tu, lakini kila mradi bado una nakala yake

Watu wanaona hili sio tatizo la kiufundi, mimi nasema ndo linalozaa mengine. Ukikuta folda ya `helpers` yenye kodi ile ile ikiwa imepinda kidogo kwenye kila mradi, sababu ya kwanza kawaida ni kwamba kijana aliomba marekebisho kwenye zana akakaa wiki bila jibu, mteja anasubiri, akanakili. Ana haki. Mwenye zana awe na siku inayojulikana ya kujibu, na developa wa mradi aruhusiwe kuleta marekebisho mwenyewe akaguliwe.

Sababu ya pili ni maelezo. README imeandikwa Kiingereza cha kubabaisha bila mfano hata mmoja. Iandikeni kwa Kiswahili mnachoongea hapo ofisini, zana inafanya nini, mfano wa mistari mitatu unaonakilika, na nani aulizwe. Dada mmoja anayeanza kazi asome na aweze kuitumia bila kumsumbua mtu, hicho ndo kipimo.

Sababu ya tatu, zana imekuwa kubwa mno, inabeba kila kitu, mradi unaotaka tarehe tu unalazimika kuvuta na mambo ya PDF. Igawanye. Na kitu kinachotumika na mradi mmoja tu kirudi kwenye mradi wake.

Umekuta tokeni au taarifa za wateja ndani ya repo ya zana

Dalili hii inagunduliwa kwa bahati, unatafuta kitu kingine. Faili la .env (la siri za mradi) limekomitiwa, au kwenye folda ya majaribio kuna Excel ya wanachama wa kweli wa SACCOS, majina, namba za simu, namba za NIDA, mtu aliiweka ili apime.

Kwa tokeni, ya kwanza kabisa ifute kule ilikotolewa na utoe mpya. Kuifuta kwenye faili na kukomiti hakusaidii, iko kwenye historia na kwenye laptopu ya kila aliyekloni. Ukishaifuta kule ndo angalia kumbukumbu kama imetumiwa na nani, alafu usafi wa historia kwa `git filter-repo` unafuata, na hiyo inabadilisha namba za komiti zote kwahiyo kila mtu atakloni upya, pangeni siku.

Kwa taarifa za wateja usiendelee peke yako hata kama una uwezo. Usisambaze kiungo kwenye grupu kuonyesha ulichokuta, usifute ushahidi. Funga repo isionekane, mwambie kiongozi wa kampuni siku hiyo hiyo, na atafutwe mwanasheria anayeijua Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kwasababu kuna wajibu wa kutoa taarifa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na sio developa wa kuamua. Majaribio yaendelee kwa majina ya kutunga na namba za simu ambazo mmehakikisha hazimfikii mtu yeyote.